Wazazi wanaogopa bunduki ya mchezo, kumbe feza inapotelea kwenye kisanduku

Katika kartie nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, chumba cha play kinajulikana bila kibao mlangoni. Kelele inatosha. Ndani kuna televisheni mbili ao tatu, PlayStation ya zamani kwa kila moja, manete zilizofungwa kwa skochi, na vijana waliokaa kwenye banki ya mbao wakingoja zamu. Aliyeshindwa anatoa manete, aliyeshinda anabaki. Kurant ikikatika dakika ya 85, chumba chote kinalia pamoja, na mwenye chumba anajikuta hakimu: mechi irudiwe ao feza irudishwe?

Wazazi wanaposikia kelele hizo wanasema maneno yale yale kila siku. Mtoto anapoteza saa. Anaacha masomo. Na zaidi sana, anajifunza kuua watu kwenye ekrani wakati bunduki za kweli zinasikika nyuma ya kilima. Malalamiko hayo yana uzito, hasa katika majimbo ambamo watoto wengi wameona vita kwa macho yao. Lakini yanaangalia picha tu. Kinachoamua kama mchezo ni burudani ao ni mtego wa feza hakiko kwenye picha. Kiko kwenye kanuni zake: mchezaji anafanya nini, anapata nini, na feza inaingilia wapi.

Na kati ya kanuni hizo, iko moja ambayo Ubelgiji iliiita mchezo wa kamari tangu 2018, ambayo Australia na Brazil zimeifanyia sheria katika miaka hii ya karibuni, na ambayo huku Mashariki ya Kongo inaingia kimya kimya kupitia telefone ya papa ao ya mama.

Kanuni zinazopendwa, na sababu zake

Kila mchezo wa video, hata uwe mkubwa namna gani, unasimama juu ya kanuni chache. Mfano mwepesi kuliko yote ni Tetris, uliotengenezwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka wa 1984. Vipande vinaanguka, unavigeuza, mstari ukijaa unafutika. Basi. Hakuna hadithi, hakuna adui, na zaidi ya miaka 40 baadaye watu bado wanaucheza, sababu kila kosa ni lako mwenyewe na kila mara unaona ungeweza kufanya vizuri kidogo zaidi.

Kwenye mchezo wa mpira, kitu ambacho vijana wanapenda kuliko vyote si bao lenyewe. Ni ile pasi ya kupenya, ile inayotumwa mahali ambapo mshambuliaji hajafika bado. Ukibonyeza mapema, mpira unakutana na beki. Ukichelewa, ni ofside. Katikati ya makosa hayo mawili kuna nafasi ndogo sana, na anayeijua anaweza kuchukua timu dhaifu na kumfunga mwenzake aliyechagua Real Madrid. Wapo pia wanaopenda kuendesha klabu ndogo miaka kumi mfululizo, kununua wachezaji wa bei ya chini, kuwalea na kuwauza. Huo nao ni ufundi, tena wa subira.

Free Fire, mchezo wa kompanyi ya Garena ya Singapore uliotoka 2017, umeenea sababu unakubali kutembea kwenye telefone za bei ndogo. Watu 50 wanaangushwa kwenye kisiwa mikono mitupu. Kila mmoja anatafuta silaha, na duara la usalama linapungua kidogo kidogo. Baada ya dakika kama kumi anabaki mmoja ao timu moja. Wazazi wanaona bunduki. Wachezaji wenyewe wanazungumza juu ya duara. Ndilo linalomtoa mwoga mafichoni, ndilo linalolazimisha uamuzi: kukimbia sasa ao kungoja? Na mwanzoni wote wako sawa, hata mtoto wa mkubwa anaanguka kisiwani bila kitu.

Ile kanuni ya chumba cha play, aliyeshinda anabaki, haimo hata ndani ya mchezo. Vijana ndio walioileta, kutoka kiwanja cha mpira na kutoka meza ya dama. Ilizaliwa na uhaba: mashine moja, watu kumi, feza kidogo. Inagawanya gharama na inafanya kila mechi kuwa na uzito, kwa sababu kushindwa ni kurudi mwisho wa mstari. Hakuna kompanyi inayoiuza.

Vitu hivi vyote vina tabia moja. Anayefanya mazoezi anasonga mbele. Feza inalipa mlango, kama tikiti ya stadi, halafu inanyamaza.

Kisanduku cha bahati

Kanuni ya kisanduku inatembea tofauti. Mchezaji anatoa feza, ao sarafu za ndani ya mchezo alizonunua kwa feza, halafu anapata kitu ambacho hajui ni nini mpaka afungue. Pengine ni mchezaji mkubwa wa mpira, pengine ni nguo ya kifahari kwa mtu wake wa kwenye ekrani, mara nyingi zaidi ni takataka. Kila mchezo unakipa umbo lake: pakiti ya kadi, gurudumu linalozunguka, sanduku linalopasuka kwa mwanga. Kazi ni ile ile.

Wazo si jipya. Watoto wa nchi nyingi wamekuwa wakinunua bahasha za picha za Panini bila kujua ni mchezaji gani yuko ndani. Japani kuna mashine za kutumbukiza sarafu na kuangusha mwanasesere ndani ya kibuyu cha plastiki; jina la mashine hizo, gacha, ndilo lililopewa michezo ya telefone inayofanya kazi namna hiyo. Tofauti ni kwamba bahasha ya Panini ilikwisha dukani, na duka lilifunga jioni. Kisanduku cha telefone hakiishi, na duka liko wazi saa nane ya usiku.

Aliyeonyesha dunia utajiri wa kanuni hii ni Electronic Arts, kompanyi ya Marekani iliyokuwa inatoa mchezo wa FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC. Mwaka wa 2009 ilianzisha sehemu inayoitwa Ultimate Team: kila mchezaji ni kadi, na kadi zinatoka kwenye pakiti. Katika mwaka wake wa hesabu uliokwisha mwezi wa tatu 2021, kompanyi hiyo iliandika kwamba sehemu za Ultimate Team za michezo yake zilileta dola miliari 1.62, karibu asilimia 29 ya mapato yake yote. Hiyo ni feza juu ya feza: mtu amekwisha kulipa bei ya mchezo, sasa analipa tena apate Mbappé. Halafu kila mwisho wa mwaka mchezo mpya unatoka, na timu aliyoijenga inabaki nyuma kwenye mchezo wa zamani. Anaanza tena na zero.

Hesabu yenyewe inafaa ifanywe polepole, sababu hapo ndipo watu wazima pia wanapoanguka. Tuseme kadi kubwa ina nafasi ya asilimia 1 kwa kila pakiti. Kijana anajiambia: nikifungua 100, nitaipata. Hapana. Kila pakiti inaanza upya, haikumbuki zile zilizopita. Kati ya vijana 100 ambao kila mmoja amefungua pakiti 100, karibu 37 watatoka mikono mitupu. Na yule ambaye amefungua 99 bila kitu, ile ya 100 bado ina asilimia 1 tu, wala haimhurumii. Michezo mingine imeweka kikomo: katika Genshin Impact ya kompanyi ya China, nafasi ya kupata mtu wa daraja la juu inaanza kwa asilimia 0.6 kwa kila jaribio, na mchezo unahakikisha atapatikana kabla ya kupita majaribio 90. Inaonekana kama huruma. Lakini aliyefika jaribio la 70 anaona ameisha kulipa sana hawezi kuacha, na ndivyo huruma hiyo inavyogeuka kuwa kamba.

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alikwisha kuonyesha jambo hilo kwa njiwa na panya katika karne iliyopita. Mnyama anayepata chakula kila mara anapogonga kitufe, anagonga akiwa na njaa tu. Yule anayepata bila mpango, mara baada ya kugonga mbili, mara baada ya hamsini, huyo anagonga bila kuchoka, na hata chakula kikikatwa anaendelea muda mrefu. Mashine za kamari zimejengwa juu ya ujuzi huo. Kisanduku pia, na kimeongeza muziki, taa, na gurudumu ambalo linapita polepole sana karibu na zawadi kubwa kabla ya kusimama pembeni. Yule mtoto anasema: "Karibu!" Neno hilo ndilo linalouza jaribio la pili.

Halafu kuna pazia la sarafu. Free Fire haikuuzii nguo kwa dola, inakuuzia diamanti, na diamanti ndizo zinazozungusha gurudumu. Mara nyingi vifurushi vya sarafu za namna hiyo vimepangwa ili zibaki kidogo zisizotosha kununua kitu, na zile zilizobaki zinaita nyingine. Mtoto anajua jaribio lina diamanti ngapi. Umuulize ni franka ngapi, anatazama dari. Mwezi wa tatu 2025, mtandao wa mamlaka za kulinda walaji katika Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni zinazoomba bei ionyeshwe pia kwa feza ya kweli, na watu wasilazimishwe kununua sarafu wasizozihitaji. Mtu yeyote aliyewahi kununua mega ambazo zinaisha usiku wa manane anaelewa bila kufafanuliwa.

Katika Free Fire kuna jambo moja tena linalowaudhi wachezaji wenyewe. Rangi za bunduki zinazotoka kwenye magurudumu hayo si urembo tu. Nyingine zinaongezea silaha nguvu kidogo, ao mwendo wa risasi. Ule usawa wa kisiwani, wote mikono mitupu, umetobolewa. Anayelipa anaanguka na kitu mfukoni.

Je, ni kamari ao si kamari?

Kompanyi zimejitetea kwa hoja ambayo si ya kijinga. Kwenye kamari, zinasema, mtu anashinda feza anayoweza kutoa na kununulia unga. Kadi ya Ultimate Team haiwezi kutolewa kihalali nje ya mchezo. Kwa hiyo hakuna kamari. Tume ya kamari ya Uingereza ilifuata njia hiyo, na serikali ya huko ikaamua mwezi wa saba 2022 kutobadilisha sheria ya kamari kwa ajili ya visanduku, ikiomba kompanyi zijirekebishe zenyewe.

Ubelgiji ilisoma vitu vingine. Mwezi wa nne 2018, tume yake ya michezo ya bahati ilisema visanduku vya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive vinavunja sheria. Kwao swali lilikuwa rahisi: mtu ameweka dau? Bahati ndiyo inaamua? Anaweza kupata ao kupoteza? Kama ni ndiyo mara tatu, ni kamari, hata kama zawadi ni picha. Adhabu iliyotajwa ilifika miaka mitano ya kifungo na faini ya euro 800,000, na mara mbili kama watoto wamo. Electronic Arts ilibisha kwanza, halafu tangu tarehe 31 ya mwezi wa kwanza 2019 ikaacha kuuza sarafu za FIFA huko. Uholanzi ilijaribu njia kama hiyo kwa faini ya euro miliyoni 10, lakini mwezi wa tatu 2022 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ilifuta faini, ikisema pakiti ni sehemu ya mchezo mkubwa zaidi ambao ni wa ufundi. Nchi mbili jirani, mchezo ule ule, majibu mawili.

Kwa mzazi wa Katindo ao wa Kadutu, mabishano ya wanasheria hayo yana faida ndogo. Hoja kwamba zawadi haitoki nje ya mchezo haimfariji hata kidogo. Inamaanisha feza imekwenda na hairudi kabisa. Pari za mpira, ambazo zimejaa kwenye barabara za miji, angalau mara moja moja mtu anarudi na noti mkononi. Kwenye kisanduku hata huyo hayupo.

Wachunguzi wamepata kitu cha kufikirisha. David Zendle na Paul Cairns wa Uingereza waliuliza wachezaji 7,422 na kutoa matokeo mwaka wa 2018: wale wenye shida kubwa ya kamari ndio walionunua visanduku zaidi. Utafiti huo hausemi kisanduku kinamfanya mtu mlevi wa kamari. Inawezekana pia mlevi wa kamari anavutwa na kisanduku. Wenyewe walikubali pande zote mbili, na upande wowote ukiwa wa kweli, kompanyi inapata feza nyingi kutoka kwa watu wasioweza kujizuia.

Sheria nyingine zimekuja kwa njia zake. Japani ilipiga marufuku mwaka wa 2012 aina moja mbaya zaidi, ile ambayo mtu lazima akusanye zawadi kadhaa za bahati ndipo apate kubwa. China tangu 2017 inalazimisha kompanyi kutangaza asilimia. Marekani, mwezi wa kwanza 2025, tume ya biashara FTC ilifikia makubaliano na kompanyi inayouza Genshin Impact huko: dola miliyoni 20, na visanduku visiuzwe kwa watoto wa chini ya miaka 16 bila ruhusa ya wazazi. Australia tangu mwezi wa tisa 2024 inaandika kwenye michezo mipya yenye visanduku vya kulipia kwamba haifai kwa walio chini ya miaka 15. Brazil ilikwenda mbali zaidi: sheria ya kulinda watoto mtandaoni iliyotiwa sahihi mwezi wa tisa 2025 inakataza visanduku katika michezo ya watoto na ile ambayo watoto wanaweza kuifikia kwa urahisi.

Na mara moja wachezaji wenyewe ndio walioshinda, bila hakimu. Mwezi wa kumi na moja 2017, kabla ya Star Wars Battlefront II kutoka, mtu mmoja alipiga hesabu kwamba kumfungua Darth Vader kungehitaji saa kama 40 za kucheza. Jibu la kompanyi likapata kura za kukataliwa zaidi ya 600,000 kwenye mtandao wa Reddit. Siku ya kutoka kwa mchezo, mauzo ya sarafu yalikuwa yamesimamishwa.

Ukosefu wa intaneti uliwalinda

Hapa Mashariki ya Kongo, chumba cha play kimeponyoka kwa sababu ambayo hakuna aliyeipanga. Mashine nyingi ni za zamani, diski ao michezo iliyokopiwa, na haziunganishwi na intaneti. Ultimate Team bila intaneti haitembei. Kwa hiyo vijana wanaocheza FIFA kwenye banki ya mbao wanacheza ule mpira wa pasi ya kupenya, na kisanduku hawakioni. Yule mwenye chumba ambaye wazazi wanamlaani ndiye, bila kujua, aliyeuza mchezo safi kuliko ule ulio kwenye telefone ya nyumbani.

Telefone ni habari nyingine. Mchezo unashushwa bure, ama mtoto anatumiwa na rafiki yake. Bure hiyo ndiyo mlango. Kulipa kunafanyika kwa njia mbalimbali: kupitia duka la programu la Google, kupitia karte ya ndugu aliye Ulaya, ama kupitia mtu anayeuza diamanti kwenye WhatsApp na kupokea feza kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Mtoto hana karte ya benki, hahitaji. Anahitaji namba ya siri ya mama, ambayo ameiona mara mia akitumwa kununua unite.

Hali ya miji imeongeza uzito wa jambo hilo. Tangu benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, familia nyingi zilibaki na telefone kama sanduku la feza. Mshahara, feza ya ndugu wa Brussels ao Nairobi, feza ya shule, vyote vinapita kwenye laini moja. Na siku za masomo yaliyokatika ziliwaachia watoto saa nyingi mkononi na kifaa hicho hicho. Dola mbili zilizopotea kwenye gurudumu hazitoki kwenye feza ya starehe. Zinatoka kwenye unga.

Wengine wamejibu kwamba kiasi ni kidogo na jambo ni la watoto wa matajiri. Kiasi ni kidogo kila mara, ndiyo. Kanuni imejengwa ili kiwe kidogo kila mara.

Kuna pia uchungu mwingine, ingawa si wa kupakia wote juu ya michezo. Tantali inayotoka kwenye koltani ya Masisi na mahali pengine inaingia katika vipande vidogo vya umeme ndani ya telefone na mashine za mchezo. Madini yanakwenda yakiwa mawe ya bei ya kilo, yanarudi yakiwa ekrani, na sasa kupitia ekrani hiyo feza inakwenda tena, mara hii bila hata lori.

Nani ana ufunguo

Kongo ina sheria ambazo zingeweza kushika jambo hili. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009 inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18. Code du numérique ya tarehe 13 ya mwezi wa tatu 2023 inagusa biashara ya mtandaoni. ARPTC inasimamia kompanyi za telefone. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza swali la Ubelgiji kwa sauti: dau liko, bahati iko, mtoto yuko, basi ni nini hiki? Wabunge wa majimbo haya wana mambo mazito zaidi mezani, hilo ni wazi, na katika maeneo ambayo Kinshasa haishiki usukani kwa sasa, sheria ya Kinshasa ina miguu mifupi.

Hata pale ambapo Leta iko na nguvu, karatasi haitoshi. Mwaka wa 2022, mchunguzi Leon Xiao aliangalia michezo 100 iliyokuwa inaingiza feza nyingi zaidi kwenye iPhone huko Ubelgiji, miaka minne baada ya uamuzi ule mkali. Alikuta 82 bado ina visanduku. Kompanyi kubwa iliyokuwa inatazamwa ilijiondoa, nyingine zikaendelea.

Kwa hiyo ufunguo ulio karibu zaidi ni ule wa nyumbani. Google tangu 2019 na Apple tangu 2017 zinalazimisha michezo ionyeshe asilimia za visanduku. Ziko kwenye kialama kidogo cha swali ao cha herufi i karibu na gurudumu, mahali ambapo mtu hagusi. Papa anaweza kuketi na mtoto na kumwambia afungue ukurasa huo, wasome pamoja ile asilimia ya zawadi kubwa, halafu wahesabu bei ya jaribio moja kwa franka. Kwenye duka la Google kuna pia sehemu ya kuomba neno la siri kila mara kitu kinaponunuliwa. Namba ya siri ya M-Pesa inabadilishwa kwa dakika moja, na mtoto anaweza kutumwa kununua unite na noti mkononi.

Wakati huo huo, mbele ya mashine zisizo na intaneti, aliyeshinda bado anabaki na aliyeshindwa anarudi mwisho wa mstari. Wenye vyumba wengine wanapanga mashindano ya siku ya mungu: kila mmoja analipa kiingilio, zawadi inatangazwa mbele ya wote, na jina la mshindi linaandikwa kwa choki ukutani.